Shimo Kabla ya Mche

Baba yetu alipofariki dunia hakuacha mali nyingi. Aliacha nyumba moja kandokando ya mji wa Tanga, na nyuma ya nyumba hiyo aliacha mwembe mmoja wa boribo alioupanda mwaka ule alioposa. Madeni yalipolipwa na wasia ukatimizwa, tulikaa kitako sisi warithi, tukaona kwamba nyumba ile haigawanyiki. Mama alikuwa na thumni yake, na sisi ndugu saba, wake kwa waume, kila mmoja alikuwa na fungu lake. Ikauzwa. Kila mwenye haki akapata haki yake, wala hapakuwa na ugomvi, alhamdulillahi. Lakini mwembe haukatwi mafungu. Huo ulikwenda pamoja na kiwanja.

Mnunuzi alikuwa mtu muungwana. Alitwambia waziwazi kwamba pale penye mwembe ana nia ya kujenga ghala, na kwa hiyo mti atauangusha. Akatupa miezi saba tuhame kwa utulivu. Mama hakusema neno mbele yake. Usiku ule, baada ya sala ya isha, aliniita akaniambia: "Mwanangu, nyumba ni mawe na udongo, nimeiachia. Lakini mwembe wa baba yako, nitafutie hata kipande."

Haya ninayoyaandika ni yale niliyojifunza katika kukitafuta kipande hicho. Nayo ni elimu ndogo ya kuhamisha mche mchanga wa tunda, kutoka pale ulipooteshwa mpaka pale utakapokaa umri wake wote. Nimeona yafaa kuyaeleza katika kurasa za nyumbani kama hizi, kwa sababu kila mwaka wakati wa masika watu hununua miche mizuri, wakaitia katika mashimo ya kufukia kokwa la tende, na kabla ya mwezi kwisha waona vijiti vikavu. Kisha husema, "Mkono wangu hauna baraka." Masikini mkono, husingiziwa mengi.

Kosa la kwanza nalikiri kuwa ni langu. Chini ya mwembe ule palikuwa na miche mingi iliyojiotea kutokana na makokwa yaliyoanguka. Nikachagua mmoja uliokuwa umefika gotini, wenye majani mengi ya kupendeza. Ulikuwa mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, na jua lilikuwa utosini. Ndiyo kwanza tumemaliza sala ya adhuhuri. Nikachukua jembe, nikapiga mara mbili tatu kuuzunguka mche, nikauvuta. Ukatoka, lakini udongo wote ulipukutika, na mzizi wake mkuu ukakatika kiasi cha shubiri moja chini ya shina. Nikautia kikapuni, nikapanda gari mpaka kwenye kiwanja kidogo alichokinunua mama kwa fungu lake na kwa nyongeza ya wanawe. Nikafukua pa kutosha kuufukia, nikamwaga ndoo ya maji, nikamwambia mama kwamba kazi imekwisha.

Magharibi majani yalikuwa yameinama. Siku ya nne yalikuwa yakivunjika ukiyashika. Mama aliyatazama, akasema, "La haula wala quwwata illa billah," kisha akaendelea kuchagua mchele wake. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya Muheza, mtu aliyezeekea kazi hiyo. Wilaya ile ni mashuhuri kwa machungwa, na wajuzi wa miche si haba huko. Nilipomsimulia mambo yangu hakucheka. Aliniuliza tu:

"Bwana, uliacha majani mangapi?"

"Yote, mzee."

"Na mizizi uliacha mingapi?"

Nikanyamaza.

Basi akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama nilivyofahamu. Mti una jamaa wa aina mbili. Majani ni walaji na mizizi ni wachumi. Maadamu jua linawaka, kila jani hutoa maji hewani kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji hayo hayana budi kuletwa na mizizi. Tena waletao maji hasa si ile mizizi minene tuionayo, bali ni vijizizi vyembamba kuliko nywele vilivyo karibu na ncha, navyo hushikamana na chembe za udongo. Ung'oapo mche na udongo ukapukutika, hivyo ndivyo vitanguliavyo kukatika. Kwa hiyo siku ile mimi nilikuwa nimewaondoa wachumi wote, nikawaacha walaji wamelizunguka sinia, tena jua kali likiwazidishia njaa. Ile ndoo ya maji haikufaa kitu, kwani mnywaji hakuwapo.

Katika maneno haya machache mna sababu ya karibu kila jambo litendwalo katika kuhamisha mche. Kwa nini huhamishwa mwanzo wa mvua, wala si katikati ya kiangazi? Kwa sababu hewa yenye unyevu na mbingu yenye mawingu hupunguza ulaji wa majani, na udongo huwa laini kwa mizizi mipya. Kwa nini baada ya alasiri? Ili mche upate usiku mzima wa kupumzika kabla jua halijautazama. Kwa nini hukatwa baadhi ya majani? Ili walaji walingane na wachumi waliobaki. Mtu akiielewa sababu hahitaji kukariri amri.

Hata mche uliojiotea ardhini wawezekana kuhamishwa, mradi uwe mchanga na mwenyewe awe na subira. Mwezi mmoja na zaidi kabla ya siku ya kuhama, chukua jembe kali ulididimize chini, ukate nusu ya duara kuuzunguka mche, mbali na shina kiasi cha shubiri moja na nusu. Baada ya majuma mawili ukate nusu ya pili. Mizizi iliyokatwa itatoa vijizizi vipya humo ndani ya duara, na mche utakuwa kama msafiri aliyekwisha kufunga mizigo yake. Umwagilie jioni ya kuamkia siku ya safari ili udongo ushikane, kisha uuchimbe pamoja na bonge lake, ulifunge bonge katika gunia bichi, wala usiubebe kwa kushika shina. Hayo yote laiti ningeyajua Januari ile.

Lakini yule mzee aliniambia jambo jingine lililonivunja moyo zaidi. Alisema kwamba hata kama mche ule ungalishika, huenda usingalikuwa mwembe wa baba yangu. Kokwa ni mtoto wa wazazi wawili. Ua la mti mmoja huweza kupata chavua ya mti mwingine, likiletwa na nzi au nyuki, na mtoto akazaliwa na tabia zake mwenyewe. Ziko aina za maembe ambazo kokwa moja huotesha miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo hufuata mama yao bila tofauti, lakini si aina zote. Atakaye mti uleule hana budi kuchukua tawi lake. Kitawi chembamba cha mti mzuri, ambacho mabwana wa kilimo hukiita kikonyo, hukatwa na kuchongwa, kikapachikwa juu ya mche mchanga wa mwembe wowote wenye nguvu, kikafungwa kwa utepe wa nailoni mpaka vishikane viwe mti mmoja. Kazi hiyo huitwa kubebesha. Chini huwa mizizi ya mti mmoja, na juu huwa matunda ya mwingine.

Kwa kweli mwembe wenyewe ni mgeni aliyehamia kwetu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, nao ulivushwa bahari na watu waliopenda tunda lake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wakila wali kwa maembe mabichi yaliyotiwa achari, akaona ajabu ya kustahili kuandikwa. Basi kila mwembe uonao pwani hii, asili yake ni mche au kokwa la safarini.

Katika mwezi wa Julai, kabla muda wa mnunuzi haujakwisha, mzee alikuja nami kwenye nyumba ya zamani. Juma moja kabla ya hapo alikuwa ameniagiza niondoe majani katika ncha za matawi aliyoyachagua, niache vishikizo vyake tu, ili macho ya tawi yavimbe. Akakata vikonyo sita, kila kimoja urefu wa kalamu na unene wa kalamu, akavifunga katika kitambaa kibichi. Siku ileile akavibebesha juu ya miche sita ya kitaluni mwake. Mwezi uliofuata ghala lilianza kujengwa. Sikwenda kutazama mti ukianguka, wala mama hakutaka kuhadithiwa.

Katika miche sita, miwili ilikauka. Minne ilichipua. Mmoja aliuchukua dada yangu kwa haraka ya mapenzi, akaupanda siku ileile katika udongo mgumu ambao haukuwahi kuguswa na jembe, ukafa. Wa pili uliliwa na mbuzi. Wa tatu ulivunjika palepale penye kiungo, garini, baina ya kitalu na nyumba ya mdogo wangu, alipoupakata pamoja na kuku wawili. Sina haja ya kueleza zaidi kisa hicho. Ukabaki mmoja. Mti mama hauko tena, vikonyo vingine havipatikani, na mama yetu alikuwa akikaribia miaka themanini.

Mwezi wa Februari nilikwenda kuutaka. Yule mzee alikataa kunipa.

"Nionyeshe shimo kwanza," alisema.

Nilidhani ananifanyia ukaidi wa kizee. Nikarudi nyumbani nimekasirika kidogo, mpaka jioni ile nilipokumbuka kisa cha Sayyidna Salman al-Farsi (R.A.), ambacho sote tumekisoma chuoni lakini hatukukisoma kwa macho ya wakulima.

Salman alitoka katika nchi ya Uajemi akiitafuta dini ya haki, akasalitiwa njiani na kuuzwa utumwani, hata akafika Madina akiwa mtumwa wa mtu mmoja katika Bani Quraidha. Kwa ajili ya utumwa huo hakuweza kuhudhuria Badri wala Uhud. Mtume Muhammad (S.A.W.) akamwelekeza afanye mkataba na bwana wake ajikomboe. Bwana yule akataka wakia arobaini za dhahabu, na akataka mitende mia tatu. Nayo haikutakiwa mia tatu ya kuchomekwa tu ardhini, bali mia tatu iliyo hai, iliyoshika. Yeyote aliyewahi kuhamisha miche atafahamu uzito wa sharti hilo. Uhuru wa mtu ulitundikwa juu ya jambo lililo gumu kuliko dhahabu, yaani mizizi kukubali mahali pageni.

Mtume akawaomba masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akatoa vichipukizi thelathini, huyu ishirini, huyu kumi na tano, huyu kumi, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho, hata vikatimia mia tatu. Sasa tazama mpangilio wa kazi. Vichipukizi havikupandwa papo hapo. Mtume alimwamuru Salman aende kwanza akavichimbie mashimo, na amalizapo amwite, ili yeye mwenyewe avitie kwa mkono wake. Salman akachimba, na wenzake wakamsaidia. Yalipokwisha kuwa tayari, Mtume akatoka pamoja naye. Wao wakawa wanamsogezea vichipukizi, naye anavitia katika ardhi. Salman alisimulia kwamba haukufa hata mmoja.

Huo ni muujiza na baraka ya mkono wa Mtume, wala hatuna la kuongeza wala kupunguza. Lakini haikatazwi mkulima kuona kwamba mbele ya muujiza palikuwa na jasho la mashimo mia tatu. Salman alilipa, akawa huru, na vita vya kwanza alivyohudhuria vikawa vya Khandaki, katika mwaka wa tano wa Hijra. Huko pia, kama tujuavyo, shauri lake lilikuwa kuchimba.

Asubuhi ya pili nilitafuta sululu.

Yapasa kwanza kuchagua mahali, na hapa wengi hukosea kwa kuutazama mche jinsi ulivyo leo. Mwembe ukikua ni jumba. Wataka nafasi ya mita kumi hivi kutoka ukuta wa nyumba na kutoka mti mkubwa mwingine, na usiwe chini ya nyaya za umeme, wala karibu na shimo la choo. Usiuweke penye mpaka, kwani matawi yatavuka ukuta, na majani yataanguka katika uwanja wa jirani ambaye hakuuomba mti wala hakushauriwa. Na haki ya jirani mwaijua. Mwenye uwanja mdogo si lazima apande mwembe. Mdimu, mlimau, mkomamanga au mstafeli humtosha. Mpapai nao hupenda kuoteshwa palepale utakapokaa, au kuhamishwa ukali mdogo kabisa na udongo wake wote, maana mizizi yake haivumilii kuchokozwa.

Nilichimba shimo la futi mbili kila upande, na kwenda chini futi mbili. Udongo wa juu, ule mweusi wenye uhai, niliuweka upande wa kulia. Wa chini, mwekundu na mgumu, upande wa kushoto. Usiuchanganye. Jioni nilijaza maji shimoni, nikaenda kulala. Asubuhi maji yalikuwa yamezama, nami nikashukuru, kwani yangalibaki yamesimama ningalijua kwamba mizizi itaoza hapo. Wenzetu wa Unguja wakaao upande wa uwanda, na baadhi ya watu wa Mombasa, wana taabu nyingine: futi moja chini jembe hugonga jiwe la matumbawe. Hao hawana budi kuchukua mtaimbo, wavunje jiwe mpaka wapate nafasi, kisha walete udongo mzuri kutoka kwingine. Shimo la namna hiyo huweza kumaliza siku tatu, lakini mche utiwao katika kikombe cha mawe kisicho na mlango hudumaa.

Shimo liliachwa wazi majuma matatu, lipigwe na jua. Kisha nikauchanganya udongo wa juu na madebe mawili ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikalijaza shimo mpaka likawa na kichuguu kidogo, nikauacha udongo ushuke. Samadi mbichi huchoma mizizi, na takataka zisizooza huwaita mchwa. Jirani yangu mmoja alitia makumbi makavu chini ya shimo lake, akawa amewaandalia karamu.

Yule mzee alikuja kutazama. Alichomeka mkono wake ndani ya udongo hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa. "Sasa njoo uchukue mtoto wako," akasema.

Tulisubiri mvua ya masika ianguke mara tatu, ardhi ilowe mpaka chini. Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, nasi tulianza baada ya sala ya alasiri. Mche ulikuwa katika kiriba cha nailoni, urefu wake kama wa mtoto wa miaka mitatu, na kiungo cha kubebeshea kilionekana kama kifundo cha mguu. Nilikuwa nimeumwagilia asubuhi. Nikafukua katikati ya kichuguu nafasi ya kiasi cha bonge lake, hapana zaidi. Kisha nikakata kitako cha kiriba kwa wembe. Mzizi mkuu ulikuwa umefika chini ukajipinda kama mkia wa ng'e, na mzee akaniamuru niikate ile ncha iliyopinda, kwa kuwa mzizi uliozoea kuzunguka hauachi kuzunguka hata ukipewa shamba zima, na baada ya miaka hujinyonga wenyewe. Nikautelemsha mche shimoni, nikachana kiriba ubavuni, nikakitoa taratibu. Wako watu wapandao mche pamoja na kiriba chake, wakidhani nailoni itaoza. Haiozi.

Kina ndicho kitu kilichomshughulisha mzee kuliko chote. Alilaza fimbo juu ya shimo, akapima: uso wa udongo wa kiriba uwe sawasawa na uso wa ardhi, usizame wala usichungulie. Kiungo kikae juu, shubiri nzima kutoka ardhini, wala udongo usikiguse daima. Shina likifukiwa, ganda lake huoza; na kiungo kikifukiwa, maradhi huingia hapo kabla ya pengine popote. Nikarudisha udongo, nikaushindilia kwa viganja, si kwa visigino, ili mifuko ya hewa itoke na mizizi ishikane na makao mapya. Nikatengeneza kingo ya udongo kama sahani kuuzunguka mche, nikamimina debe la maji polepole, mara mbili, mpaka yakaacha kunyweka kwa haraka. Tukapunguza nusu ya majani yaliyokomaa. Tukachomeka kijiti upande uvumako upepo, tukaufunga kwa kitambaa kilicholegea. Mwisho tukatandaza nyasi kavu juu ya udongo, tukaziacha mbali na shina upana wa kiganja, na upande wa magharibi tukasimamisha kuti moja la mnazi, liukinge na jua la jioni.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda muda wote, ameshika tasbihi. Tulipomaliza akasema, "Sasa msiuguse."

Ni neno rahisi kulisema. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na moja, aliuvuta mche siku ya tano ili aone kama umeshika. Nasadiki kwamba alifanya hivyo kwa mapenzi, lakini kila ukiuvuta wakata vile vijizizi vichache vilivyoanza kujishikiza. Baada ya hapo mama alimpa kazi nyingine: awe yeye mwenye dhamana ya maji. Majuma mawili yasiyo na mvua yakipita, mche mpya hufa kimyakimya katikati ya masika. Tuliweka desturi kwamba wenye kutawadha alasiri watawadhie kando ya ile sahani ya udongo, kwa birika, na maji ya udhu yaangukie humo. Maji yasiyo na sabuni hayadhuru mti. Kijana naye akaongeza debe moja kila siku ya tatu pasipokuwa na mvua. Kunyunyiza kikombe kila siku si kumwagilia. Huilegeza mizizi ikabaki juujuu ikingoja kulishwa. Yafaa maji mengi kwa nafasi, yazame, na mizizi iyafuate.

Kwa siku ishirini na sita hakukuonekana badiliko lolote. Majani yaliyobaki yalikuwa hayafi wala hayachangamki. Niliamka alfajiri kadhaa nikamkuta mama, baada ya sala, amesimama na taa pale uwanjani. Siku ya ishirini na saba ncha ya juu ilivimba, na kabla ya Ijumaa palitokea majani saba membamba, laini, ya rangi ya shaba iliyosuguliwa, kama yalivyo majani machanga ya mwembe wowote. Mama aliita nyumba nzima.

Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.), Mtume ametufundisha kwamba mwenye chipukizi mkononi, hata Kiyama kikiwa kinasimama, akiweza kulipanda na alipande. Neno lililotumika humo, fasila, si mbegu. Ni kile kichipukizi cha mtende kilichokwisha kutengwa na mama yake. Mbegu ingaliweza kungoja mwaka mwingine. Kilichotengwa hakingoji, ama kipate ardhi, ama kife mkononi. Sikupata kulifikiria hilo kabla ya kusimama na kiriba kimoja mkononi, na ghala limekwisha kujengwa.

Mwaka wa kwanza tulichuma kila chipukizi lililotoka chini ya kiungo, kwa maana hayo ni ya mti wa chini yatakayo kumnyang'anya makao yule wa juu. Mwaka wa pili ulitoa maua. Sote tulifurahi isipokuwa mama, aliyechukua mkasi akayakata yote. "Mtoto hazai," alisema, na mabwana wa kilimo wasema vivyo hivyo: mti uachiwe kwanza ujenge mwili. Kuti liliondolewa, kingo ya udongo ikapanuliwa kila mwaka kufuata upana wa matawi, na mbuzi wakajengewa ua wa kuwazuia, kwani kisa cha mche wa pili hatukukisahau.

Mwaka wa nne tuliachia. Ulizaa maembe kumi na moja, marefu, yenye nyama ya rangi ya chungwa, na utamu ule mama aliuthibitisha kwa kufumba macho bila ya kusema. Mawili yaliliwa na popo, nasi tukayahesabu katika sadaka. Katika yaliyobaki mama alichagua mawili makubwa, akayafunga karatasini, akaniamuru niyapeleke kwa yule bwana aliyenunua nyumba yetu.

Nilimkuta mlangoni mwa ghala lake. Alimenya moja palepale kwa kisu cha kufungulia magunia, akala amesimama, juisi ikimchuruzika mkononi. Akauliza limetoka wapi. Nilipomwambia, alinyamaza, akageuka kutazama pembe ya uwanja iliyobaki wazi nyuma ya ghala. Halafu akaniuliza kama mama angekubali kumpa kikonyo.

Nikamwuliza kama amekwisha kuchimba shimo.